SOMO: POINTI MBILI ZILIZOTOSHA
Mafunzo kwa mtazamaji wa mara mojamoja kutoka Kombe la Mataifa ya Afrika



Mpira wa miguu una watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoujua mwaka mzima. Hao wanajua nani amehamia timu gani, nani ameumia goti, na ligi ya Uingereza imefika mzunguko wa ngapi. Wa pili ni sisi wengine, ambao hukumbuka mpira pale tu timu ya taifa inapocheza. Tukisikia kelele mtaani tunauliza, "Leo kuna nini?" Tukiambiwa Taifa Stars wako uwanjani, tunaacha kazi na kwenda kuangalia.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya watu wa aina ya pili. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuona haya. Lakini asipoelewa mambo machache ya msingi atafurahi bila kujua sababu, atakasirika bila haki, na pengine atapoteza mali yake. Basi tuyapitie mambo hayo kwa utaratibu, tukitumia mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyofanyika nchini Morocco, kuanzia tarehe 21 Desemba 2025 hadi tarehe 18 Januari 2026.

1. Mashindano yalivyopangwa

Timu 24 zilishiriki. Ziligawanywa katika makundi 6, kila kundi timu 4. Kila timu ilicheza michezo 3 ndani ya kundi lake. Anayeshinda hupata pointi 3, wanaotoka sare hupata pointi 1 kila mmoja, na anayefungwa hapati kitu.

Mwishoni mwa hatua hiyo, timu mbili za juu katika kila kundi zinasonga mbele. Hizo ni timu 12. Lakini hatua inayofuata inahitaji timu 16, kwa hiyo zinatafutwa nyingine 4. Zinatoka wapi? Kila kundi lina timu iliyoshika nafasi ya tatu, nazo ni 6 kwa jumla. Katika hizo 6, zilizo bora 4 zinapita, na 2 zinarudi nyumbani.

Tanzania ilipangwa pamoja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Tarehe 23 Desemba tulifungwa na Nigeria mabao 2 kwa 1. Charles M'Mombwa alisawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, na kabla hatujamaliza kushangilia, Ademola Lookman akatufunga la pili. Tarehe 27 Desemba tulitoka sare ya 1 kwa 1 na Uganda, bao letu likifungwa na Simon Msuva kwa penalti. Tarehe 30 Desemba tulitoka sare nyingine ya 1 kwa 1 na Tunisia. Wao walitangulia kwa penalti, na Feisal Salum akasawazisha.

Hesabu yake ni hii: michezo 3, ushindi hakuna, sare 2, kufungwa 1, pointi 2. Tukashika nafasi ya tatu nyuma ya Nigeria na Tunisia.

2. Kwa nini pointi mbili zilitosha

Usiku ule wengi waliulizana, "Tumepitaje bila kushinda hata mchezo mmoja?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hesabu ya darasa la tano.

Tuzichukue zile timu 6 zilizoshika nafasi ya tatu. Msumbiji, Benin na Sudan walikuwa na pointi 3 kila mmoja, nao wakapita bila ubishi. Ikabaki nafasi moja, na wanaoigombea watatu: Tanzania, Angola na Komoro. Wote watatu walikuwa na pointi 2.

Pointi zikilingana, tunatazama tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga tukitoa mabao ya kufungwa. Komoro hawakufunga bao hata moja na walifungwa 2, kwa hiyo wana upungufu wa 2. Angola walifunga 2 na kufungwa 3, upungufu wa 1. Tanzania tulifunga 3 na kufungwa 4, upungufu wa 1 vilevile. Komoro wakatoka. Tukabaki sisi na Angola, tumelingana kwa pointi na kwa tofauti.

Hapo ndipo hutazamwa nani amefunga mabao mengi zaidi. Sisi tulifunga 3 na Angola 2. Tukapita kwa bao moja.

Sasa turudi kwenye mchezo wa kwanza, ule wa Nigeria. Siku ile watu walitoka kibanda umiza wameinamisha vichwa wakisema, "Lile bao la M'Mombwa halijasaidia kitu." Lilisaidia. Bila bao lile tungekuwa na mabao 2 ya kufunga na upungufu wa 2, na Angola wangepita badala yetu. Bao lililofungwa katika mchezo tulioshindwa ndilo lililotuvusha wiki moja baadaye.

Kwa miaka mingi darasani niliona wanafunzi wanaoacha kuandika wakishaona mtihani ni mgumu. Mwanafunzi wa namna hiyo akikabidhiwa karatasi tupu hujifariji kwamba angefeli tu. Hajui kwamba alama nne za swali moja huenda ndizo zingemtoa daraja moja hadi jingine. Taifa Stars walikuwa wanafungwa na Nigeria, nao waliendelea kuandika.

3. Tulikotoka

Mtu asiyejua historia anaweza kudharau pointi 2. Kwa hiyo tuangalie nyuma kidogo.

Mara ya kwanza Tanzania kushiriki Kombe hili ilikuwa mwaka 1980 nchini Nigeria. Tulifika huko baada ya kuitoa Zambia mwaka 1979. Tuliwafunga 1 kwa 0 Dar es Salaam, kisha tukapata sare ya 1 kwa 1 kule Ndola kwa bao la Peter Tino, ambalo wazee wenzangu wanalisimulia mpaka leo. Siku hizo mashindano yalikuwa na timu 8 tu. Tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, tukafungwa na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Sisi vijana wa wakati ule hatukuona kitu kwa macho. Tulizunguka redio moja, watu ishirini, na mwenye redio akiogopa betri zisiishe.

Baada ya hapo tulisubiri miaka 39. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1980 alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye watoto tulipofuzu tena, mwezi Machi 2019, kwa kuifunga Uganda 3 kwa 0 Dar es Salaam. Kule Misri mwaka huo tulifungwa michezo yote 3: na Senegal 2 kwa 0, na Kenya 3 kwa 2, na Algeria 3 kwa 0.

Mashindano ya 2023, ambayo yalichezwa Januari na Februari 2024 nchini Ivory Coast, tulianza kwa kufungwa na Morocco 3 kwa 0. Kisha tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Zambia, na suluhu ya bila kufungana na Kongo. Pointi 2. Safari ile zilituweka mkiani mwa kundi, nyuma ya Zambia aliyekuwa na pointi 2 pia lakini akiwa na tofauti ya mabao iliyo nafuu.

Linganisha basi. Januari 2024 pointi 2 zilitufukuza. Desemba 2025 pointi 2 zilitupitisha, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Idadi ya pointi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza tulifunga bao 1 na kufungwa 4, na safari ya pili tulifunga 3 na kufungwa 4.

Wala asiseme mtu kwamba anayepita kwa mlango mdogo hafiki mbali. Katika mashindano yaleyale ya 2023, wenyeji Ivory Coast walifungwa na Guinea ya Ikweta 4 kwa 0, wakamwondoa kocha wao, wakabaki wanangojea matokeo ya wengine ili wajue kama watapita. Walipita wakiwa wa mwisho kati ya wale wanne wa nafasi ya tatu. Tarehe 11 Februari 2024 wakaifunga Nigeria 2 kwa 1 katika fainali na kulichukua Kombe.

Sisi hatukufika huko. Mpaka mwisho wa mashindano ya Morocco, Tanzania imecheza michezo 13 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika: sare 5, kufungwa 8, ushindi bado hakuna. Nayaandika hayo waziwazi kwa sababu furaha ya kweli haihitaji kudanganywa.

4. Penalti ya jirani na penalti yetu

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, nami naomba tuisome polepole.

Mchezo wetu na Uganda ulikuwa 1 kwa 1, nao umeingia dakika za nyongeza. Uganda wakapewa penalti. Allan Okello akaupiga mpira ukapaa juu ya goli. Hapa Mutuka palilipuka kelele. Watoto waliruka, na watu wazima tukakumbatiana.

Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 4 Januari 2026, tulicheza na wenyeji Morocco. Timu yetu ilijilinda kwa moyo mkubwa mpaka kipindi cha pili, Brahim Díaz alipofunga bao la pekee. Dakika za mwisho kabisa kukatokea tukio ndani ya eneo la hatari la Morocco, ambalo Watanzania wengi waliona kuwa ni penalti ya haki. Mwamuzi hakupuliza filimbi. Mchezo ukaisha 1 kwa 0, tukatolewa.

Kwa wiki nzima sokoni, kwenye vijiwe na hata nje ya kanisa baada ya ibada, habari ilikuwa ni moja: tumeonewa. Huenda ni kweli. Mimi niliona kama wengine walivyoona. Lakini nataka tuulizane jambo moja. Je, ni nani kati yetu aliyemkumbuka Okello?

Mwamuzi akitunyima, tunasema mashindano hayana haki. Jirani akikosa alichopewa kihalali, tunasema hiyo ni bahati yetu. Kama penalti ile ya Uganda ingeingia, Tanzania tungebaki na pointi 1 na safari ingeishia palepale. Kule Kampala kulikuwa na watu walioshika vichwa usiku ule kama sisi tulivyovishika Januari 4, na hasara yao ilikuwa ndiyo faida yetu.

Sisemi mtu asishangilie. Mpira bila kelele ni kama chakula bila chumvi. Nasema mizani iwe moja. Muuza mahindi mwenye debe kubwa la kununulia na debe dogo la kuuzia tunamwita mwizi. Mtazamaji anayekuza aliyonyimwa na kusahau aliyopata kwa bahati, naye ana madebe mawili.

Na majirani hawa ni wenzetu kwa jambo jingine. Kenya, Uganda na Tanzania tuliandaa pamoja mashindano ya CHAN mwezi Agosti 2025, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Mchezo wa ufunguzi ulichezwa Dar es Salaam, tukaifunga Burkina Faso 2 kwa 0. Tulimaliza wa kwanza katika kundi letu, na tukatolewa robo fainali na Morocco haohao, 1 kwa 0. Tena, tangu Septemba 2023 nchi zetu tatu zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mwenye kumtukana mgeni wake leo atampokeaje kesho?

5. Mkeka

Yuko kijana mmoja hapa kwetu, dereva wa bodaboda, ambaye sitamtaja. Usiku ule wa mchezo na Uganda, wakati Okello anaweka mpira chini, sote tulikuwa tunaomba ukose. Kijana yule peke yake alikuwa anataka uingie. Mpira ulipopaa, sisi tukaruka na yeye akakaa chini, mikono kichwani.

Sababu yake ilikuwa mkeka. Alikuwa amebeti michezo saba, sita imekwenda sawa, na wa saba aliuandika kuwa Uganda watashinda. Fedha aliyoweka ilikuwa ya kununulia mbegu za mahindi na mbaazi. Ilikuwa mwisho wa Desemba, mvua imeshanyesha na wenzake wako shambani. Mama yake alilijua jambo lile siku alipouliza mbegu ziko wapi.

Ndugu, tutazame hesabu yake kama tulivyotazama ile ya pointi. Tuseme wewe ni mjuzi sana, kiasi kwamba katika kila michezo mitatu unabashiri miwili kwa usahihi. Ni wachache wanaofikia hapo. Ukiandika mkeka wa michezo 5, nafasi ya yote mitano kwenda sawa ni kama 13 katika 100. Ukiandika michezo 10, nafasi haifiki 2 katika 100. Na malipo yamepangwa na mwenye biashara, ambaye huhakikisha kwanza kwamba kwa hesabu ya mwaka mzima faida inabaki kwake. Kila mchezo unaouongeza kwenye mkeka huongeza fedha unayoahidiwa, na hupunguza uwezekano wa kuipata.

Kupotea kwa mbegu ni hasara kubwa, lakini mimi naona ipo nyingine. Usiku ambao nchi yake ilibaki mashindanoni, kijana yule hakuweza kufurahi na wenzake. Furaha iliyokuwa ya bure kwa kila mtu, yeye alikuwa ameiuza kabla mchezo haujaanza.

Wazazi wakumbuke pia kwamba sheria yetu hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kubeti. Lakini simu ya baba ikiwa mkononi mwa mtoto usiku kucha, sheria itamwona wapi?

6. Mpira na nyumba

Michezo yetu minne ilichezwa kati ya siku mbili kabla ya Krismasi na Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya. Hizo ni siku za wageni, za watoto kurudi kutoka masomoni, na kwa sisi wa Babati ni siku za kupanda na kupalilia. Morocco iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo mchezo wa jioni kwao ni wa usiku kwetu.

Katika nyumba nyingi mambo yalikwenda hivi: wanaume wamekaa mbele ya televisheni, na akina mama wako jikoni wakiulizia matokeo kwa kupaza sauti. Bao linafungwa, mama anakuja mbio na mwiko mkononi, anakuta limeshapita. Nilitembelea nyumba moja ambako walipanga tofauti. Chakula kilipikwa mapema, vyombo vikaoshwa na vijana wa kiume, na ilipofika saa ya mchezo nyumba nzima ilikaa pamoja, bibi akiwa kwenye kiti cha mbele. Bibi yule hakujua kuotea ni nini. Mjukuu wake alimweleza kwa kutumia vikombe mezani, na kipindi cha pili bibi alikuwa anamkosoa mwamuzi kuliko wote. Jambo hilo halikumgharimu mtu chochote.

Na wale wanaokwenda kibanda umiza, hasa vijana wetu, wazazi wajue wako wapi na wanarudi saa ngapi. Kutazama mchezo wa dakika 90 hakuhitaji kurudi nyumbani alfajiri.

7. Mambo ya kushika

Kwa ufupi, mtazamaji wa mara mojamoja ashike haya:

Kwanza, ajifunze msimamo wa kundi kabla ya mchezo, ili ajue timu yake inahitaji nini. Daftari na kalamu vinatosha.

Pili, asidharau bao dogo wala sare. Hajui litahesabiwa wapi.

Tatu, aijue historia, ili asidai makubwa kuliko uwezo na asidharau hatua iliyopigwa.

Nne, awe na mizani moja kwa timu yake na kwa jirani.

Tano, asiweke mbegu, ada wala kodi ya nyumba juu ya mguu wa mtu mwingine.

Sita, afurahi pamoja na watu wa nyumbani mwake.

Maswali ya kujadiliana

(1) Timu tatu zina pointi 3 kila moja. Ya kwanza imefunga mabao 4 na kufungwa 5, ya pili imefunga 2 na kufungwa 3, ya tatu imefunga 3 na kufungwa 3. Zipange kwa utaratibu tuliojifunza, na ueleze sababu.

(2) Ni lini katika maisha yako juhudi iliyoonekana kupotea ilikuja kukufaa baadaye?

(3) Tukio la penalti ya Uganda na lile la mchezo wa Morocco, je, mlizungumza juu yake nyumbani kwa mizani moja?

(4) Vijana wa mtaa wenu wanabeti kwa fedha ya nani? Wazazi, wazee wa kanisa na vijana wenyewe wanaweza kufanya nini pamoja, bila kuishia kwenye kukemea tu?

(5) Katika nyumba yenu, nani hukosa kuona mchezo kwa sababu ya kazi? Mtapangaje safari ijayo?

Mwalimu mstaafu,
Mutuka, Babati.